Kuanzisha Hospisi ya Hisani katika Nchi Ndogo: Mofini na Wauguzi Kwanza, Jengo Baadaye

Watu wanaoamua kuanzisha hospisi kwa ajili ya wagonjwa walio katika miezi au siku zao za mwisho huanza, karibu wote, kwa kutafuta kiwanja. Huchoresha jengo lenye vitanda kadhaa, bustani na chumba cha sala, kisha huzunguka na mchoro huo kwa wafadhili. Mwongozo huu unashauri mpangilio mwingine. Katika nchi ndogo kama Rwanda, Burundi, Komoro au Eswatini, ambako hospitali za rufaa ni chache, wafamasia ni wachache na fedha za afya ni haba, hospisi husimama juu ya mambo matatu, kwa utaratibu huu: mofini ya kunywa (dawa kali ya kutuliza maumivu) iliyopatikana kihalali na isiyokatika, wauguzi waliofunzwa kuitumia, na chombo cha kuwafikisha majumbani. Jengo lenye vitanda huja mwishoni, na zipo hospisi nzuri ambazo hazikulihitaji kamwe.

Picha ya nyumba yenye vitanda inatokana kwa sehemu kubwa na St Christopher's, hospisi iliyofunguliwa na Cicely Saunders mjini London mwaka 1967, ambayo wengi huihesabu kuwa chimbuko la huduma hii ya kisasa. Lakini waliofuata katika mazingira yenye fedha kidogo walichukua mafundisho yake wakaacha wodi. Island Hospice, iliyoanzishwa Harare mwaka 1979, iliwafuata wagonjwa makwao. Malta, nchi ya visiwa yenye watu takriban nusu milioni, ilipata hospisi yake mwaka 1989, nayo kwa miaka mingi iliendeshwa kwa ziara za nyumbani na huduma za mchana bila kulaza mgonjwa usiku. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Dkt. Anne Merriman, aliyefanya kazi Nigeria na Singapore kabla ya kuja Nairobi Hospice mwaka 1990. Baadaye alizunguka nchi kadhaa za Afrika akitafuta mahali pa kujenga mfano wa kuigwa, akaichagua Uganda baada ya serikali yake kukubali mofini ya kunywa iingizwe nchini. Hospice Africa Uganda ilianza mwaka 1993 ikiwa na fedha za kuendesha timu ya watu 3 kwa miezi 3. Angesubiri jengo, wagonjwa wa mwaka huo wote wangekufa na maumivu yao.

Mofini

Mlango wa kwanza wa kubisha, kabla hata ya kusajili shirika, ni wa ofisi inayodhibiti dawa zenye asili ya kulevya. Kwa kawaida ofisi hiyo iko ndani ya Wizara ya Afya au katika mamlaka ya dawa. Chini ya Mkataba wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya, kila nchi hupeleka kwa Bodi ya Kimataifa ya Udhibiti wa Dawa za Kulevya, yenye makao yake Vienna, makadirio ya kiasi cha mofini itakachohitaji kwa matibabu katika mwaka unaofuata, na tarehe ya mwisho ya kuyapeleka ni 30 Juni. Nchi isiyopeleka makadirio hukadiriwa na Bodi yenyewe. Haiwezekani kuagiza zaidi ya kiasi kilichokadiriwa, ingawa nchi ikizidiwa na mahitaji inaruhusiwa kupeleka makadirio ya nyongeza wakati wowote wa mwaka. Muulize afisa anayehusika maswali matatu: mwaka huu tumekadiria kiasi gani, kimeingia kiasi gani, na nani anaruhusiwa kisheria kuandika mofini. Katika nchi ndogo huenda kazi yote hiyo iko mikononi mwa mtu mmoja mwenye majukumu mengine kumi. Mheshimu, mtembelee mara kwa mara, mpe takwimu zilizokwisha kupangwa. Atakuwa mtu muhimu kuliko mfadhili yeyote.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua mgonjwa anayetumia wastani wa miligramu 60 kwa siku kwa muda wa siku 90: ni gramu 5.4. Wagonjwa 300 kwa mwaka watahitaji gramu 1,620, yaani kilo moja na nusu na ushei. Kumbuka tu kwamba makadirio hupelekwa kwa uzito wa mofini tupu, ilhali poda inayouzwa ni chumvi ya mofini, ambayo takriban robo ya uzito wake si mofini. Anayechanganya vipimo hivi viwili hujikuta ameomba kiasi kisichotosha au ameeleweka vibaya.

Kilo mbili za poda kwa mwaka mzima ni mzigo unaobebeka kwa mkono mmoja, na hapo ndipo udogo wa nchi unapouma. Mwagizaji wa kibiashara haoni faida ya kuhangaika na kibali cha kuingiza, kibali cha kutoa kutoka nchi ya muuzaji, ulinzi wa uwanja wa ndege na makaratasi ya forodha kwa bidhaa yenye bei ndogo kiasi hicho. Matokeo yake ni kwamba mofini hukosekana nchini si kwa sababu imepigwa marufuku, bali kwa sababu hakuna aliyejishughulisha kuiagiza. Suluhisho linalofaa ni kuishawishi bohari kuu ya dawa ya serikali iagize poda kwa niaba ya nchi nzima, hospisi ikiwa mmoja wa watumiaji. Ukiagiza kwa jina la hospisi peke yake, utaonekana mwenye mali, na hospitali za wilaya zitaendelea kukosa.

Poda ina faida dhidi ya vidonge na sindano: ni nafuu, haihitaji jokofu, na hugeuzwa kuwa dawa ya maji hapa hapa nchini na mfamasia mwenye mizani sahihi, maji safi, kihifadhi, rangi na chupa. Uganda imefanya hivyo kwa miaka mingi, ambako Hospice Africa Uganda hutengeneza mofini ya maji kwa ushirikiano na serikali, na mgonjwa huipata bila malipo. Rwanda nayo, iliyopitisha mwaka 2011 sera ya taifa ya tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, imefika hatua ya kutengeneza mofini ya maji ndani ya nchi na kuisambaza hospitalini. Jambo la rangi lisidharauliwe. Kila nguvu ya dawa iwe na rangi yake, kwa sababu chupa ya miligramu 5 kwa mililita 5 na ile ya miligramu 50 kwa mililita 5 zikifanana, siku moja bibi mwenye macho hafifu atampa mumewe dozi mara kumi.

Swali la nani anaandika dawa huamua kama hospisi itafika vijijini au itabaki mjini. Sheria nyingi zilizorithiwa kutoka enzi za ukoloni humruhusu daktari peke yake, na daktari haishi kijijini. Mwaka 2004 Uganda ilirekebisha kanuni zake ili wauguzi na matabibu wasio madaktari, waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa waandike mofini ya kunywa. Nchi ndogo ina nafasi nzuri hapa, maana mabadiliko ya kanuni yanaweza kuhitaji saini ya waziri tu, na waziri si mtu wa mbali sana. Mpelekee rasimu iliyoandikwa na mwanasheria, ikieleza mafunzo yatakayohitajika, kiasi cha juu cha dawa ambacho muuguzi atatoa kwa safari moja, na namna daftari litakavyokaguliwa. Usimpelekee hotuba kuhusu haki za binadamu; huenda anakubaliana nazo tayari.

Ulinzi wa dawa uwe mkali tangu siku ya kwanza, wakati chupa bado ni chache. Kabati liwe na kufuli mbili, funguo zishikwe na watu wawili, na daftari lionyeshe kilichoingia, kilichotoka, jina la mgonjwa, saini mbili na salio. Mgonjwa akifariki, chupa hurudishwa, mabaki hupimwa, huandikwa na kuharibiwa mbele ya shahidi. Afisa wa udhibiti akija bila taarifa akakuta salio la daftari linalingana na la kabati, hofu yake juu ya mofini kuvuja mitaani itapungua kuliko kwa semina yoyote.

Hofu iliyo kubwa zaidi itatoka kwa madaktari wenzako. Wengi walifundishwa kwamba mofini ni ya wodi ya upasuaji au ya saa ya kukata roho, kwamba humfanya mgonjwa kuwa teja na kumzuia kupumua. Wafundishe kwa kuwaonyesha wagonjwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1986, uliopanga dawa za maumivu kwa ngazi, uliweka kanuni ambazo bado zinafaa: dawa itolewe kwa mdomo, na kwa saa, bila kusubiri maumivu yarudi. Mtu mzima mara nyingi huanzishwa kwa miligramu 2.5 hadi 5 kila baada ya saa 4, na dozi ya wakati wa kulala huweza kuwa mara mbili ya dozi moja ya kawaida ili apate usingizi. Wazee na wenye figo dhaifu huanza chini na huangaliwa kwa karibu. Dozi hupandishwa kidogo kidogo mpaka maumivu yatulie. Dawa ya kulainisha choo iandikwe siku hiyo hiyo, kwani mofini hufunga choo karibu kila mgonjwa, na wengi huiacha kwa sababu hiyo wakidhani ndiyo iliyowadhuru. Haya ni maelezo ya kumwonyesha mwanzilishi ukubwa wa kazi. Anayetoa dawa lazima awe amefunzwa.

Shirika na watu wake

Usajili wenyewe hauhitaji maneno mengi. Sajili shirika lisilo la kiserikali au wakfu kwa sheria ya nchi yako, uwe na katiba fupi, akaunti ya benki yenye watia saini wasiokuwa ndugu, na mkaguzi wa hesabu wa nje. Omba mkataba wa ushirikiano na Wizara ya Afya, kwa kuwa bila huo hospitali hazitakupa rufaa. Kwenye bodi waweke mfamasia, mhasibu, mwanasheria, muuguzi mstaafu, na mtu aliyewahi kumuuguza mzazi au mwenzi wake mpaka mwisho. Padri na shehe wanafaa sana, mradi wasiwe wengi kuliko wahasibu. Katika nchi ndogo watu wote wanajuana, hivyo migongano ya maslahi haiepukiki. Iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao na mhusika atoke chumbani. Mwanzilishi naye aweke katika katiba muda wa kukaa madarakani, jambo ambalo ni rahisi kulikubali kabla shirika halijawa na jina.

Ofisi ikae ndani ya eneo la hospitali ya rufaa, hata kama ni kontena lililogeuzwa chumba. Nairobi Hospice ilijengwa katika viwanja vya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na faida yake ni dhahiri: daktari wa saratani akimaliza kusema hakuna tiba zaidi, muuguzi wa hospisi yuko hatua chache kutoka hapo, na mgonjwa haruhusiwi kurudi nyumbani mikono mitupu.

Timu ya kuanzia iwe ndogo: wauguzi wawili au watatu, tabibu au daktari wa muda, fundi dawa, dereva anayejua kunyamaza, na mtu mmoja wa ofisi. Nchi ndogo haina haja ya kujenga chuo chake. Hospice Africa Uganda ina taasisi ya mafunzo mjini Kampala inayopokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika, na Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika, chenye makao yake huko huko, husaidia nchi kupanga mitaala na sera. Peleka wawili, si mmoja. Mmoja akirudi na shahada huchukuliwa na shirika la kimataifa lenye mshahara mara tatu, nawe hubaki na picha ya mahafali.

Nyumbani kwa mgonjwa

Ziara ya kwanza huchukua muda mrefu, na isipangwe pamoja na nyingine nyingi siku hiyo. Muuguzi huanza kwa salamu na kukaa, kwa sababu mgonjwa aliyezoea kuulizwa maswali akiwa amesimamiwa hatajibu ukweli. Maumivu hupimwa kwa vidole vya mkono: ngumi ni kutokuwa na maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Kwa tathmini pana zaidi kuna dodoso la Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika lenye maswali 10 tu, ambalo humgusa mgonjwa na familia yake, likiuliza pia kuhusu wasiwasi, amani ya moyo na kama familia imepata taarifa ya kutosha. Cicely Saunders alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya akili, ya kijamii na ya kiroho kwa pamoja. Muuguzi mzoefu huliona hilo pale ambapo dozi imepanda mara tatu na mgonjwa bado anaugua usiku, mpaka ijulikane kwamba kinachomnyima usingizi ni shamba ambalo ndugu wameanza kulipima.

Mambo mengi ya msaada ni ya kawaida kabisa. Kidonda cha saratani kinachonuka, ambacho humfanya mama akae chumba cha nyuma peke yake, hutulizwa kwa vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa na kunyunyizwa juu yake kila kinapofungwa upya. Anayelala muda wote hugeuzwa kila baada ya saa chache ili asipate vidonda vya mgongo, na mdomo mkavu hulowanishwa kwa kitambaa. Binti anayemuuguza baba yake afundishwe haya na apewe ruhusa ya kuchoka. Mara nyingi yeye ndiye mgonjwa wa pili wa nyumba hiyo.

Kuhusu kusema ukweli, familia nyingi zitamfuata muuguzi mpaka mlangoni na kumwomba asimweleze mgonjwa hali yake. Asibishane nao, wala asiwaahidi. Amwulize mgonjwa mwenyewe anafahamu nini na angependa kujua nini, kisha amfuate anapoelekea. Mtu anayejua siku zake ni chache huweza kuandika wosia, kulipa au kusamehe deni, na kuwakabidhi watoto kwa mtu anayemwamini. Yanayohusu dini yapangwe mapema: Mwislamu atataka mtu wa kumlakinia shahada na kumwelekeza kibla, Mkatoliki atataka mpako wa wagonjwa, na wengine watataka mzee wa ukoo. Muuguzi awe na namba za simu za watu hao wote.

Gari lisiandikwe jina la hospisi. Katika mtaa ambao kila mtu humjua mwenzake, gari lenye nembo linalosimama mlangoni huwa tangazo la kifo au la ugonjwa ambao familia haikutaka ujulikane. Kwa sababu hiyo hiyo, majadala ya wagonjwa yasibebwe ovyo, na dereva akumbushwe mara kwa mara.

Baada ya mazishi, ziara ya kufariji isifanywe wakati wa matanga, ambapo nyumba imejaa watu. Iwe baada ya arobaini au karibu na hapo, wageni wanapokuwa wameondoka na mjane amebaki na madeni. Wafanyakazi nao wawe na kikao cha kila wiki cha kuwataja waliofariki, kwani muuguzi anayezika wagonjwa mwaka mzima bila pa kulia huacha kazi, au hubaki akiwa amekauka.

Fedha

Sehemu kubwa ya gharama ni mishahara na mafuta. Dawa ni sehemu ndogo. Kwa hiyo mfadhili anayekupa gari bila mafuta amekupa mzigo, na anayekupa jengo bila mishahara amekupa mzigo mkubwa zaidi. Mgonjwa asitozwe kitandani, maana familia imekwisha kuuza ng'ombe au kiwanja kwa ajili ya matibabu yaliyotangulia. Lakini anayetaka kuchangia apewe risiti na shukrani. Tafuta watoaji wa ndani wanaorudia: makanisa, misikiti, wafanyabiashara, wafanyakazi wa benki wanaokatwa kiasi kidogo kila mwezi. Kwa Waislamu, zaka yaweza kuwafikia wagonjwa walio mafukara na maskini, na wakfu wa nyumba ya kupangisha ni chanzo cha mapato kinachodumu kuliko mradi wa miaka mitatu. Wana wa nchi walioko Ulaya na Ghuba hutoa kwa moyo hasa wale ambao wazazi wao walihudumiwa.

Fedha za nje zipokewe kwa tahadhari. Mpango wa Marekani wa UKIMWI uliotangazwa mwaka 2003 uliikuza tiba shufaa barani Afrika kwa haraka, lakini kwa sharti la ugonjwa mmoja, na wagonjwa wa saratani, figo na moyo hawakuwa walengwa wake. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, programu nyingi za afya zilisimama ndani ya siku chache. Weka akiba ya mishahara ya miezi 6 kabla ya kuongeza wilaya ya pili, na usikubali mfadhili mmoja abebe zaidi ya nusu ya bajeti, hata akisisitiza.

Vitanda, ikibidi

Baada ya miaka michache daftari la wagonjwa litaonyesha nani asiyeweza kuhudumiwa nyumbani: mkimbizi asiye na nyumba, mzee anayeishi peke yake, mgonjwa ambaye maumivu yake yamekataa kutulia na anahitaji siku tatu za uangalizi. Kama idadi yao inahalalisha kulaza, piga hesabu ya usiku kwanza. Wiki ina saa 168, na muuguzi mmoja hufanya kazi saa 40. Nafasi moja ya muuguzi aliye macho muda wote inahitaji wauguzi 5 ukihesabu likizo na magonjwa, na hao ni wengi kuliko wauguzi wote wa timu ya ziara iliyohudumia wilaya nzima. Njia nyepesi ni kuomba hospitali ya rufaa itenge vitanda viwili au vinne katika wodi iliyopo, wauguzi wa wodi wafunzwe na hospisi, na ndugu waruhusiwe kulala hapo. Mkataba wa vitanda hivyo useme nani analipa chakula, nani anaandika mofini saa nane za usiku, na kwamba mgonjwa akitulia anarudi nyumbani, muuguzi wa ziara akimfuata kesho yake.